Tumeiga mabango ya Wamarekani, tukaacha daftari zao

Mhariri,

Kuna hoja inayorudi kila mara katika ukurasa wako wa barua, na hata kwenye mabaraza ya Mkunguni hapa Lamu utaisikia baada ya swala ya alasiri: kwamba Wamarekani weusi walipata haki zao kwa sababu walitoka barabarani kwa wingi, Martin Luther King akahutubia, serikali ikatetemeka, sheria ikapita. Basi na sisi tutoke. Kutoka ni haki, Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema hivyo, na hatuandiki kumzuia mtu. Tunaandika kwa kuwa masimulizi hayo yameiruka kazi yenyewe. Sisi ni walimu wa historia, na tungependa wasomaji wako waelezwe nani alilipia petroli, nani alikwenda kortini, nani alipika, na kwa nini harakati fulani ziliacha alama inayoonekana hadi leo katika maisha ya Mmarekani wa kawaida, ilhali nyingine ziliacha misemo tu.

Tuanze na Montgomery, jimbo la Alabama, maana ndiko watu wanakodhani wanakujua. Basi la mji lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilikuwa vya wazungu, hata kama havina mtu. Weusi walikuwa kama robo tatu ya abiria wote. Rosa Parks alikamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, lakini hakuwa wa kwanza kukataa kuinuka. Miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alishushwa kwa pingu katika mji uo huo. Na mwezi wa Mei 1954, kikundi cha akina mama wasomi kilichoitwa Women's Political Council kilikuwa kimeshamwandikia meya kumwonya kuwa watu wanafikiria kuyasusia mabasi. Parks mwenyewe, fundi wa kushona katika duka kubwa la nguo, alikuwa pia katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Kwa hiyo siku alipokamatwa, mpango ulikuwa tayari kichwani mwa watu. Kilichokosekana ni tarehe.

Tarehe ilitoka usiku uleule. Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State, aliingia chuoni na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakazungusha mashine ya kurudufu hadi alfajiri. Ujumbe ulichapwa mara tatu katika kila karatasi, kisha karatasi ikakatwa, ili karatasi chache zizae vipeperushi vingi. Asubuhi, makumi ya maelfu ya vipeperushi yalipita mkono kwa mkono kwenye shule, saluni na vinyozi. Maneno yake yaliomba jambo moja: Jumatatu tarehe 5 usipande basi. Ombi dogo, la siku moja, linaloweza kupimwa kwa macho, kwa sababu basi likipita ama limejaa ama ni tupu. Wanaoandika kwenye mabango yetu "Tunataka mabadiliko" wangekaa kidogo na kipeperushi hicho.

Mabasi yalipita matupu. Jioni ile watu walifurika katika kanisa la Holt Street, na chama kipya cha kuendesha mgomo, MIA, kikawekwa chini ya mchungaji wa miaka 26, ndiye King. Sasa soma madai yao ya kwanza. Dereva awaheshimu abiria weusi. Abiria akae kwa kadiri alivyowahi, weusi wakianzia nyuma na wazungu mbele. Madereva weusi waajiriwe kwenye njia zinazopita mitaa ya weusi. Hakuna mahali walipotaka ubaguzi ufutwe! Walitaka ulegezwe. Ni ubishi wa wakuu wa mji na kampuni ya mabasi, waliokataa hata hayo matatu, ulioyakuza madai.

Siku moja ikawa wiki, na hapo ndipo migomo mingi hufa, maana mtu lazima afike kazini. Mwanzoni teksi za weusi zilibeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Mji ukaitoa sheria kabatini: teksi isitoze chini ya senti 45. Mpishi anayelipwa dola chache kwa wiki hawezi nauli hiyo. King akampigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, Louisiana, ambako walikuwa wamesusia mabasi kwa siku chache mwaka 1953, akamwuliza walifanyaje. Jibu lilikuwa magari ya watu binafsi, bila nauli. Kabla ya katikati ya Desemba, Montgomery ilikuwa na magari kama 300, vituo zaidi ya 40 vya kupandia asubuhi, na vingine mjini vya kurudishia watu jioni. Kamati ya usafiri iliongozwa na Rufus Lewis. Abiria hakumlipa dereva, kwa sababu gari binafsi likitoza nauli bila leseni linageuka teksi haramu. Fedha ziliingia kikapuni kwenye mikutano ya Jumatatu na Alhamisi usiku, kisha zikanunua petroli.

Fedha hizo ndizo sehemu ya historia hii isiyopata picha ukutani. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, aliwakusanya wanawake wenzake wakapika nyumbani: kuku wa kukaanga ndani ya mkate, keki, pai za viazi vitamu. Waliuza kwa majirani, vinyozi, madereva, hata kwa wazungu wasiojua pesa zinakwenda wapi. Kikundi chao kilijiita Club from Nowhere, yaani kikundi cha kutoka kusikojulikana, na jina hilo lilikuwa kinga. Ukiulizwa fedha zimetoka wapi, unajibu ukweli mtupu. Wengi wao walikuwa watumishi katika nyumba za wazungu, na jina likijulikana kazi imekwisha. Gilmore mwenyewe alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi kwenye kesi ya King. Mama zetu wanaopika mahamri na viazi vya karai kulipia karo na matibabu ya jirani wangeuelewa mfumo huu kwa dakika moja; ni ajabu kwamba harakati zetu za vijana huwaona mama hao kama wasikilizaji tu.

Mji nao haukulala. Polisi waliandika faini kwa kosa lolote la barabarani, na King alitiwa ndani Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa palipotakiwa 25. Siku nne baadaye nyumba yake ikatupiwa bomu. Februari, watu 89 wakashtakiwa kwa sheria ya mwaka 1921 inayokataza kususia biashara. Kampuni za bima zikafuta bima ya magari yaliyosajiliwa kwa majina ya makanisa, na gari bila bima halitembei. MIA ikapata bima kwa Lloyd's, London, kupitia wakala mweusi wa Atlanta. Pigo lililokaribia kuua lilikuwa amri ya mahakama: mji uliomba mfumo mzima wa magari uzuiwe kama biashara isiyo na leseni, na ukapewa.

Amri hiyo ilitolewa tarehe 13 Novemba 1956. Siku ileile habari zikafika kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imeunga mkono hukumu ya kufuta ubaguzi kwenye mabasi ya Alabama. Hukumu hiyo haikuwa ya kesi ya Rosa Parks. Wakili Fred Gray, kijana wa miaka 25, aliona kesi ya Parks ingekwama miaka mingi katika mahakama za jimbo, akafungua nyingine katika mahakama ya shirikisho tarehe 1 Februari, akiwatumia wanawake wanne waliodhulumiwa ndani ya mabasi, akiwemo yule msichana Colvin. Kesi ikaitwa Browder v. Gayle. Amri rasmi ilifika Montgomery tarehe 20 Desemba, na kesho yake watu wakapanda. Siku 381 kwa jumla. Wanahistoria hubishana kama ni mgomo au ni kesi iliyoshinda. Rai yetu ni kwamba bila kesi mgomo ungezimwa na ile amri ya Novemba, na bila mgomo kusingekuwa na fedha za kesi wala watu wa kuilazimisha hukumu itekelezwe barabarani. Hata hivyo mabasi yalipigwa risasi, na Januari 1957 makanisa manne yalilipuliwa usiku mmoja. Parks alipoteza kazi, na mwaka 1957 akahamia Detroit. Asimwambie mtu kijana kwamba ushindi haukuwa na gharama.

Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 nayo hukumbukwa kwa hotuba. Mpangaji wake mkuu alikuwa Bayard Rustin, aliyekuwa na takriban wiki nane kuwaleta watu na kuwarudisha makwao kabla ya giza. Walifika kama 250,000, kwa mabasi yaliyokodiwa zaidi ya 2,000 na treni maalumu. Mwongozo wake uligusa hadi chakula: kila mtu aje na milo miwili, mkate wa siagi ya njugu na jemu, tunda, keki kavu; mayonezi isiwekwe, kwa sababu ya joto la Agosti, maana tumbo likiharibika katika umati huo hakuna vyoo vya kutosha. Mjini New York, watu wa kujitolea katika kanisa la Riverside walifunga vifurushi 80,000 vya chakula usiku kucha. Ulinzi wa ndani ulifanywa na askari weusi wa New York waliokuwa mapumzikoni, bila silaha, waliofunzwa kumzunguka mchokozi na kumtoa bila kumgusa.

Na baada ya yote hayo sheria ya haki za kiraia haikupita papo hapo. Ilipita tarehe 2 Julai 1964, miezi kumi baadaye, na kilichoichelewesha ni maseneta wa Kusini waliohutubia kwa zamu zaidi ya miezi miwili ili kura isipigwe. Kuwanyamazisha kulihitaji kura 67. Zilipatikana 71, tarehe 10 Juni, baada ya makanisa na vyama vya wafanyakazi kuwashinikiza maseneta wa majimbo ya kati ambayo hata hayakuwa na weusi wengi. Umati ulifungua mlango. Waliopita ndani ni wenye orodha ya maseneta na idadi ya kura zilizopungua.

Kwa wakulima na vibarua wa Lamu Magharibi, mfano wa karibu zaidi pengine ni wa zabibu. Tarehe 8 Septemba 1965 wachumaji wa Kifilipino katika mashamba ya Delano, California, wakiongozwa na Larry Itliong, waliweka chini makasha wakidai dola 1.40 kwa saa. Wenye mashamba walikuwa na dawa ya zamani: Wafilipino wakigoma waite Wameksiko, Wameksiko wakigoma waite Wafilipino. Itliong aliwaendea César Chávez na Dolores Huerta, waliokiongoza chama cha Wameksiko, na siku nane baada ya mgomo kuanza chama hicho kikaingia pia. Dawa ikaisha nguvu. Lakini shamba ni kubwa, vibarua wapya huletwa kwa malori, na mgomo wa shambani peke yake haukutosha. Wakatuma watu kwenye miji mikubwa kuwaomba wanunuzi wasinunue zabibu za mkulima mmoja mkubwa. Ikashindikana, na sababu yake ifundishwe: mkulima yule aliazima nembo za wenzake, akauza zabibu zilezile katika makasha yenye majina mengine. Mama aliye dukani Chicago hawezi kujua. Mwaka 1968 wakabadilisha: susia zabibu zote za mezani za California. Sasa hakuna nembo ya kujificha nyuma yake, na wakulima waliokuwa hawahusiki wakaanza kumsukuma mwenzao akubali. Mikataba ilisainiwa Julai 1970, miaka mitano kasoro wiki chache.

Kuna kichekesho cha kisheria humo. Sheria ya kazi ya mwaka 1935 iliwapa wafanyakazi wa Marekani haki ya vyama, ikawaacha nje vibarua wa mashamba. Kwa vile waliachwa nje, marufuku ya baadaye ya kuyagomea maduka yanayouza bidhaa yenye mgogoro haikuwahusu. Wakaitumia dhuluma ileile kama nafasi.

Tukija kwenye athari, swali tunaloulizwa darasani ni hili: leo hii, ukitembea katika mji wa Marekani, utaigusa wapi kazi ya harakati hizo? Jibu letu la kwanza huwashangaza wanafunzi. Ukingo wa barabara. Mahali pa kuvukia, ukingo umeshushwa ukawa mteremko, na mteremko huo una historia. Sheria ya mwaka 1973 ilikataza taasisi zinazopata fedha za serikali kuu kuwabagua wenye ulemavu, lakini kanuni za kuitekeleza zilikaa mezani miaka minne bila saini. Tarehe 5 Aprili 1977 zaidi ya watu 100, wengi kwenye viti vya magurudumu, waliingia ofisi za wizara husika San Francisco wakakataa kutoka. Walikaa karibu wiki nne. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama dirishani wakapeleka habari kwa lugha ya ishara kwa wenzao waliokuwa chini. Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, kilileta chakula cha moto kila siku. Ujumbe ukaenda Washington kumfuata waziri, na tarehe 28 Aprili akasaini kanuni bila kuzipunguza.

Hizo ndizo zilizozaa sheria pana ya tarehe 26 Julai 1990, iitwayo ADA, inayogusa hata duka na mkahawa wa mtu binafsi. Nguvu yake imo kwenye vipimo. Mteremko usizidi 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, hivyo vidato vitatu vya sentimita 15 vinadai mteremko wa mita 5.4. Mlango uache uwazi wa sentimita 81 hivi. Fundi hana la kubishana. Na anayezuiwa anaweza kushtaki mwenyewe bila kungoja mkaguzi. Wenye maduka hulalamika kwamba wapo mawakili waliofanya kesi hizo biashara, wanafungua mamia kwa mwaka, na malalamiko hayo si ya uongo. Lakini mama mwenye kigari cha mtoto, mchukuzi wa mizigo, mzee wa mkongojo, wote wanapita kwenye mteremko uleule bila kujua nani alilala sakafuni kwa ajili yake. Anayetaka kupima tofauti aje na rula kwenye gati zetu na kwenye milango ya ofisi za umma za pwani hii.

Upande wa pili ni sheria ya kura ya tarehe 6 Agosti 1965. Mississippi, ambako weusi waliojiandikisha walikuwa asilimia 6.7, ilifika karibu asilimia 60 ndani ya miaka miwili. Hilo halikuletwa na neno "haki" lililomo ndani ya sheria. Lililetwa na vipengele vilivyosimamisha mitihani ya kusoma na kuandika na kuleta waandikishaji wa serikali kuu, kisha likalindwa na kipengele kimoja kilichoyataka majimbo yenye rekodi mbaya yaombe kibali Washington kabla ya kubadilisha chochote cha uchaguzi, hata kuhamisha kituo. Mzigo wa kuthibitisha ukawa juu ya jimbo. Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliifuta orodha ya majimbo yanayohusika kwa hoja kwamba imepitwa na wakati, na kipengele cha kibali kikabaki kama bunduki isiyo na risasi. Texas ilitangaza siku hiyohiyo kwamba itaanza kutumia sheria yake ya kitambulisho chenye picha, iliyokuwa imezuiwa. Leo ni juu ya mpiga kura kufungua kesi, kwa fedha zake, mara nyingi baada ya uchaguzi kupita. Sheria haijafutwa. Kilichoondolewa ni skrubu moja, na walioiondoa walijua ni ipi.

Harakati za karibuni tutazipitia haraka, kwani vijana wanazijua kuliko sisi. Occupy Wall Street ilianza tarehe 17 Septemba 2011 katika bustani ya Zuccotti, New York, ikaondolewa na polisi usiku wa tarehe 15 Novemba. Haikuwa na dai lililokubaliwa, kwa makusudi, na uamuzi ulihitaji karibu kila mtu akubali. Iliacha msemo wa asilimia 99, yaani walio wengi dhidi ya asilimia moja ya matajiri, ambao umebadilisha jinsi Wamarekani wanavyozungumzia utajiri, hilo tunalikubali. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 29 Novemba 2012, wafanyakazi kama 200 wa mikahawa ya vyakula vya haraka katika mji uo huo waligoma siku moja wakidai dola 15 kwa saa na haki ya chama. Watu 200! Lakini walikuwa na tarakimu moja, chama kikubwa cha wafanyakazi cha kulipia waratibu, na waliijua ngazi ya serikali inayoweza kusema ndiyo. Mji mdogo wa SeaTac ulipitisha dola 15 kwa kura ya wananchi mwaka 2013, kwa tofauti ya kura 77. Seattle ikafuata 2014, California na New York 2016. Bunge la taifa halijasogea: kima cha chini cha taifa zima kimebaki dola 7.25 tangu Julai 2009. Waliochagua mlango mdogo walipita.

Mwaka 2020, baada ya polisi kumwua George Floyd Minneapolis tarehe 25 Mei, maandamano yalienea nchi nzima. Polisi aliyehusika alifungwa, miji na majimbo kadhaa yakapiga marufuku kumkaba mshukiwa shingo, lakini mswada wa taifa wenye jina la Floyd ulipita Bunge la Wawakilishi ukafia Seneti. Wanawake wa MeToo, kauli iliyoanzishwa na Tarana Burke mwaka 2006 na kuvuma Oktoba 2017, walipata kitu ambacho magazeti hayakukishangilia sana: sheria ya Machi 2022 inayomruhusu aliyenyanyaswa kingono kazini kwenda mahakamani hata kama mkataba wake ulimlazimisha kusuluhishwa faraghani. Kufungua kesi hadharani ndiko waajiri walikokuogopa.

Sasa hapa kwetu. Atakayeandamana afahamu kwamba Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, isiyopungua siku tatu na isiyozidi siku 14 kabla ya tarehe. Taarifa iwe na jina kamili na mahali anapopatikana mwandalizi, tarehe, saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali au njia itakayopitwa. Ni taarifa, si ombi la ruhusa, na wengi hujifunga wenyewe kwa kuandika "tunaomba kibali". Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri na saa ya kupokewa, ubaki nayo. Chagua waongozaji wa umati kabla, wajue nani ni nani, na wawe na nambari ya simu ya wakili mfukoni. Malalamishi kwa Bunge yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Yaoneshe hatua mlizochukua kwanza, yaseme kama suala liko mahakamani, na kila anayesaini aweke jina, anwani na kitambulisho. Kamati ina siku 60 za kujibu. Yakirudishwa, mara nyingi ni kwa sababu ombi la mwisho halieleweki: mmeeleza shida kurasa sita bila kusema Bunge lifanye nini.

Na mfano wa nyumbani tunao. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi ulisimamishwa tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake. Watu walivaa fulana na kuimba, ndiyo. Hukumu lakini ilisimama juu ya jambo kavu: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwani mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi, kabla ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika, na yaliyomo ndani ya ripoti hawakuelezwa. Kulithibitisha hilo kunataka tarehe ya kila mkutano, orodha ya waliohudhuria, lugha iliyotumika na karatasi walizopewa. Rufaa ya aina hiyo hupelekwa ndani ya siku 60 baada ya leseni kutolewa, na anayeanza kuulizia daftari la mkutano siku ya 50 atakuta katibu amehamia Mombasa na karatasi zimefungiwa samaki.

Walimu wa historia,
Langoni, Lamu